Upimaji wa Programu za Mawasiliano ya Siri katika Linux kupitia Wine: Mfano wa Ofisi za Ushirika wa Kahawa, Moshi

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilihitimisha kipindi cha kawaida cha kuihudumia Windows 10. Toleo lililofuata, Windows 11, linadai kifaa cha usalama cha TPM 2.0, ambacho kompyuta nyingi za zamani hazina. Kwa chama cha ushirika cha msingi chenye kompyuta moja ya mezani huko Kibosho, Machame au Marangu, kuweka Linux katika mashine ileile ni njia ya gharama nafuu. Wazo lenyewe si geni nchini, kwani mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye kiolesura cha Kiswahili. Kikwazo kinachobaki ni programu ambazo ofisi imezizoea na ambazo zimeundwa kwa ajili ya Windows pekee. Hapo ndipo Wine hutumika.

Wine, iliyoanza kuandikwa mwaka 1993 na kufikia toleo la 1.0 mwezi Juni 2008, ni tabaka la upatanifu. Si kompyuta bandia inayoendesha nakala ya Windows ndani ya Linux. Programu inapoomba huduma, kama vile kufungua faili, kuchora dirisha au kuunganishwa na seva, Wine hulipokea ombi hilo kwa jina lilelile ambalo Windows ingelipokea, kisha hulitimiza kwa huduma za Linux. Programu haitambui kwamba mwenyeji wake amebadilika. Sifa hiyo ndiyo faida kuu ya Wine, na ndiyo pia chanzo cha tatizo linalojadiliwa katika makala haya.

Kilimo cha kahawa Kilimanjaro kimejengwa juu ya kumbukumbu za wanachama tangu kilipoundwa chama cha wakulima wazawa, KNPA, mwaka 1925, na baadaye KNCU mwaka 1933. Taarifa zinazopita kati ya vyama vya msingi vya milimani na Moshi mjini, ambako mnada wa kahawa huendeshwa, zinaweza kujumuisha uzito aliouleta kila mkulima, namba yake ya akaunti na picha ya kitambulisho chake. Tangu tarehe 1 Mei 2023, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za namna hiyo azilinde. Kwa hiyo, swali la kama programu ya gumzo ni ya siri kweli si la kitaalamu tu. Linamhusu mkulima ambaye hajawahi kuiona kompyuta hiyo.

Upimaji uliozoeleka huuliza maswali mawili: je, programu inafunguka, na je, ujumbe unafika? Maswali hayo yanahusu utendaji. Programu inaweza kuyajibu yote vizuri huku sehemu ya ulinzi wake ikiwa imetoweka kimyakimya.

Kwa ujumbe ulio safarini, hali kwa kawaida ni ya kuridhisha. Programu nyingi za siri huja na maktaba zao za usimbaji fiche, na hesabu za maktaba hizo hazibadiliki kwa kuwa zimeendeshwa chini ya Wine. Programu inayotegemea huduma ya Windows ya mawasiliano salama hupewa huduma hiyo na Wine kwa msaada wa GnuTLS. Jambo moja dogo huwapotosha wapimaji: kompyuta ya zamani ambayo betri ya saa yake imekufa hurudi miaka ya nyuma kila umeme unapokatika, na vyeti vya seva huonekana kuwa bado havijaanza kutumika. Wine hulaumiwa, ilhali kosa ni la saa.

Tatizo kubwa liko katika data zilizolala diskini. Programu nyingi za Windows huhifadhi ufunguo wa hazina ya mazungumzo kwa kuukabidhi kwa huduma iitwayo CryptProtectData. Katika Windows halisi, huduma hiyo huufunga ufunguo kwa siri inayotokana na nywila ya mtumiaji. Wine inayo huduma yenye jina hilohilo, na matokeo yake yana umbo linalofanana. Hata hivyo, kwa jinsi msimbo wake wa chanzo ulivyoandikwa, ufunguo hutengenezwa kutokana na jina la mtumiaji, maandishi maalumu ambayo yeyote anaweza kuyasoma ndani ya msimbo huo, na tarakimu za nasibu zinazohifadhiwa pamoja na data yenyewe. Nywila haihusiki. Ni kufuli halisi, lakini ufunguo wake umetundikwa kwenye msumari wa mlango huohuo.

Upimaji wa hali hii hauhitaji maabara. Kwa kutumia akaunti za majaribio, wala si mazungumzo ya wanachama, mpimaji huandika katika gumzo neno la pekee, tuseme jina la kihamba lililounganishwa na tarakimu. Kisha huifunga programu na kulitafuta neno hilo katika kabrasha lote la Wine. Utafutaji ufanywe kwa UTF-8 na kwa UTF-16, kwa kuwa programu za Windows mara nyingi huandika herufi kwa baiti mbili, na utafutaji wa kawaida huzipita bila kuziona. Neno likipatikana, programu imefeli. Lisipopatikana, bado haijafaulu. Kabrasha lote linakiliwa kwenye flashi na kuhamishiwa kompyuta nyingine yenye jina lilelile la mtumiaji lakini nywila tofauti, na programu hufunguliwa bila mtandao. Mazungumzo yakisomeka, aliyeiba flashi naye angeyasoma. Sharti la jina kufanana halimzuii mwizi, hasa pale kompyuta zote zilipopewa jina moja kama «ofisi». Tena jina lenyewe hubaki limeandikwa ndani ya kabrasha la Wine.

Aidha, Wine huionyesha diski nzima ya Linux kwa programu kama diski Z:. Kukiondoa kiungo hicho hupunguza ajali tu. Programu inayoendeshwa na Wine ina haki zote za mtumiaji aliyeifungua, na inaweza kuziomba huduma za Linux moja kwa moja. Kuipa akaunti yake pekee ya mtumiaji ni kinga bora zaidi.

Pale penye toleo asilia la Linux, sababu ya kutumia Wine huisha. Signal, kwa mfano, imekuwa na toleo la kompyuta kwa Linux za jamii ya Debian tangu 2017. Pasipo na toleo hilo, diski nzima isimbwe kwa LUKS wakati wa kuweka Linux, maana kuisimba baadaye ni kazi ngumu zaidi. Usimbaji huo humzuia aliyeiba kompyuta iliyozimwa. Haumzuii anayeikuta imewashwa mezani wakati karani ametoka kupima kahawa.