Rangi ya Chumba: Nyeupe au ya Kiza?

Jambo la rangi ya chumba huonekana dogo, lakini lina gharama, na aliyekosea hukaa na kosa lake miaka. Sisi tulikosea, wala hatuoni haya kulisema.

Nyanda hizi za Kasulu na Kibondo zimeinuka zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, na udongo wake ni mwekundu. Wakati wa kiangazi, tangu Juni hata Septemba, vumbi huingia kila tundu. Masika yakija, matope hurukia kuta. Basi tulipokwisha kupiga lipu chumba cha mama yetu mzee, tulikipaka kahawia iliyokoza, tukidhani tumeushinda uchafu.

Kweli uchafu haukuonekana. Lakini na kigoda nacho hakikuonekana. Dirisha la chumba kile ni dogo, na usiku hufungwa kwa ajili ya baridi. Jioni moja mama alijikwaa, akaanguka, akateguka mkono. Akatwambia kwa upole, "Mwanangu, umenitia kaburini kabla ya siku yangu." Usiku ule hatukulala.

Sababu yake ni hii. Ukuta mweupe hurudisha chumbani sehemu kubwa ya nuru inayoupiga, na ukuta wa kahawia au kijivu kilichokoza huimeza. Mwenye taa moja, akipaka rangi ya kiza, amejipunguzia mwanga alioununua kwa fedha yake. Na macho ya mzee yahitaji nuru nyingi kuliko ya kijana.

Tukarudia kazi. Juu tulipaka rangi ya maziwa, mikono mitatu, maana mkono mmoja haufichi kahawia. Na chini, kadiri ya futi tatu kutoka sakafuni, tuliiacha kahawia ile ile. Hapo ndipo viganja vya watoto, migongo ya viti na matope hugusa.

Hatusemi rangi ya kiza haifai kabisa. Sebule yenye madirisha mapana huichukua vizuri. Ila kabla ya kununua kopo zima, paka kipande kidogo ukutani, kiache kikauke, ukitazame asubuhi, adhuhuri, na usiku kwa taa yako mwenyewe. Kisha jiulize: ni nani atakayekaa humu? Sisi tulijiuliza habari ya vumbi, tukamsahau mama.