Mdomo wa Tanuru na Tao la Kanisa

Chimala, kama kwingineko kati ya Mbeya na Iringa, watu wanajua tanuru la matofali ya kuchoma. Mdomoni mwake, kila safu ya matofali husogezwa ndani kidogo kupita ya chini yake, mpaka pande mbili zikutane juu kwa ncha. Kuni hupenyezwa humo na rundo zima husimama imara.

Ncha hiyo ndiyo inayotambulisha makanisa ya mtindo wa Gothiki, ingawa ufundi wake ni mwingine. Katika tao la kanisa, mawe yaliyochongwa hubanana, kila moja likimsukumia jirani yake uzito hadi ufike kwenye nguzo. Tao lenye ncha husukuma kuta kwa nje kwa nguvu ndogo kuliko lile la nusu duara. Dari nayo ikibebwa na mbavu za mawe, ukuta unapumua. Hapo ndipo fundi anapothubutu kuutoboa madirisha marefu.

Mwanga ndio aliokuwa akiutafuta Suger, abate wa monasteri ya Saint-Denis karibu na Paris. Sehemu mpya ya altare, iliyozungukwa na vioo vya rangi, iliwekwa wakfu tarehe 11 Juni 1144. Kwake, mwanga ulimwinua mwamini kutoka vitu vinavyoonekana hadi kwa Mungu.

Si ajabu mtindo wa Gothiki ulichipukia kwa watawa. Wabenediktini, watawa wa shirika la Suger, walifuata Kanuni ya maisha iliyoandikwa Italia katika karne ya 6, inayogawa siku kati ya sala, kusoma na kazi za mikono. Monasteri kubwa zilikuwa na mashamba, maktaba na karakana. Mali na maarifa vilikaa chini ya paa moja.

Kanuni hiyohiyo ilifika Tanganyika mwaka 1888 pamoja na Wabenediktini wa Sankt Ottilien, Ujerumani. Mwaka 1898 walianzisha misheni ya Peramiho, karibu na Songea. Ikachomwa wakati wa Vita vya Majimaji, ikajengwa upya, na leo ni abasia.

Jijini Dar es Salaam, Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, la mtindo huohuo wa Gothiki, lilijengwa kati ya 1897 na 1902, likiitazama bandari. Msafiri wa kutoka Chimala akiingia humo, aanze na madirisha: ayatazame yalivyochongoka juu. Kisha ainue macho darini, afuate mstari mmoja wa tao kwa jicho, taratibu, mpaka unapotua juu ya nguzo.