Lajes: Wakulima Waliokimbilia Nyangumi

Mimi ni mtoto wa Kizimkazi, Unguja, nimekulia kwenye mashua za wavuvi. Nikiingia jumba la makumbusho lenye chombo ndani, sisomi kibao chochote kabla ya kutazama mbao. Mbao za mashua za Lajes do Pico ni nyembamba kupita nilivyotarajia kwa chombo cha kufuatia mnyama anayeweza kufika tani 40. Urefu ni karibu mita 12, omo na tezi zimechongoka sawasawa, na sababu yake mvuvi yeyote ataielewa: chusa likishaingia hakuna muda wa kugeuza chombo. Ni kurudi kinyumenyume upesi kabla mkia haujashuka.

Lajes iko pwani ya kusini ya Pico, kimoja kati ya visiwa tisa vya Azores, mali ya Ureno, katikati ya Atlantiki. Mlima wa kisiwa hicho una mita 2,351, na Ureno nzima haina mrefu zaidi. Ardhi ni mawe meusi ya volkano. Watu walilima mahindi, wakapanda mizabibu ndani ya kuta za mawe, na bado haikutosha. Meli za Wamarekani za kuwinda nyangumi zilipotia nanga Faial, kisiwa cha jirani, kutafuta maji, chakula na mabaharia wa ujira mdogo, vijana wa Pico walipanda, wengine kwa siri ili kukwepa jeshi. Wengi walilowea Massachusetts. Waliorudi walirudi na ufundi.

Meli za namna hiyo zilifika kwetu pia. J. Ross Browne, Mmarekani aliyekwenda kuwinda nyangumi mwaka 1842, aliachana na meli yake Unguja, na kitabu chake cha mwaka 1846 kinasimulia maisha ya melini pamoja na kukaa kwake kisiwani. Na mnyama mwenyewe si mgeni kwetu: ni yule nyangumi wa kichwa kikubwa ambaye tumboni mwake hutoka ambari, bidhaa iliyouzwa kutoka pwani hii kwa zaidi ya miaka elfu.

Katika nusu ya pili ya karne ya 19, watu wa Pico waliacha kungojea meli za wageni, wakaanza kuwinda kutoka ufukweni kwao. Hapa ndipo ninapovutiwa zaidi, maana kazi yote ilimtegemea mtu mmoja asiyelowa hata kidole. Juu ya jabali la Queimada kuna kibanda chenye upenyo mwembamba unaotazama bahari. Mlinzi alikaa humo tangu alfajiri, darubini machoni. Nyangumi wa ambari ana tundu moja tu la pua, upande wa kushoto wa kichwa, kwa hiyo pumzi yake hairuki wima kama ya nyangumi wengine. Huinama mbele, kushoto. Mlinzi aliijua kwa mbali sana. Akiiona, alirusha fataki.

Hapo mkulima aliacha jembe shambani, seremala akaacha randa, wote wakateremka mbio kuelekea vibanda vya mashua. Watu saba kila chombo: nahodha nyuma kwenye kasia la usukani, mpiga chusa mbele, na watano wa makasia. Walitweka tanga wakipata upepo. Wakikaribia, waliweka makasia na kushika makafi, kwa sababu mnyama huyo anasikia kupita kiasi. Hata baadaye, boti za injini zilipoanza kuzikokota mashua, kamba ilifunguliwa mbali na nyangumi.

Sitaki kuipamba kazi hiyo. Chusa haliui, kazi yake ni kushika. Nyangumi akizama, kamba ilikwenda kasi mpaka ikabidi imwagiwe maji isiwake, na shoka lilikaa tayari ikiwa itamnasa mtu. Kilichoua ni mkuki mrefu, mara nyingi baada ya saa nyingi za kuvutana, bahari ikiwa nyekundu. Watu walikufa pia. Mapato yaligawanywa kwa mafungu, la mwenye mashua likiwa nono, kwa hiyo aliyehatarisha shingo yake alirudi kwenye mahindi yake vilevile.

Kiwanda cha São Roque, upande wa kaskazini wa kisiwa, kilichemsha mafuta na kusaga nyama na mifupa hadi mwaka 1984. Nyangumi wa mwisho aliuawa na watu wa Lajes mwaka 1987. Mwaka uliofuata vibanda vitatu vya mashua vikawa makumbusho. Haukupita muda mrefu, walinzi wa zamani wakaitwa tena vibandani, safari hii kuelekeza boti za watalii.

Kizimkazi nasi tuliwahi kuua pomboo wawe chambo cha papa, kisha katika miaka ya 1990 watalii wakatufundisha hesabu nyingine. Lakini kwetu boti hukimbizana na pomboo hadi kuwazingira, injini zikinguruma. Azores sheria inaweka umbali na idadi ya boti, na mlinzi aliye juu jabalini humpunguzia nahodha haja ya kuzurura. Natamani viongozi wa boti zetu wakakae naye asubuhi moja.

Mashua zenyewe hazikuachwa zioze. Juma la mwisho la Agosti, kwenye sikukuu ya wawindaji, hushindanishwa kwa tanga na kwa makasia. Wanawake, ambao enzi za chusa hawakuwa wakipanda, sasa wana timu zao, na wanavuta kwelikweli.