Jela ya zamani yawapa wanafunzi jukwaa Australia

Wanafunzi wetu wa mabweni wana mzaha wa kuziita shule zao jela. Mjini Bendigo, kilomita 150 hivi kaskazini-magharibi mwa Melbourne, nchini Australia, mambo yamekwenda kinyume: jela yenyewe ndiyo iliyogeuzwa mahali pa kusomea.

Gereza la Sandhurst lilijengwa katika karne ya 19, enzi ya machimbo ya dhahabu, likafungwa mwaka 2004. Lilipakana na Bendigo Senior Secondary College, shule ya umma ambayo historia yake inaanzia 1907. Badala ya kuta zile nene kuachiwa popo, serikali kuu, serikali ya jimbo la Victoria na baraza la mji zilichanga fedha na kujenga humo ukumbi wa Ulumbarra, wenye viti zaidi ya 900, uliofunguliwa mwaka 2015. Mji hukaribisha hapo wasanii wa kulipwa. Shule nayo hupata nafasi ya kufundishia sanaa za maonyesho.

Shule iwezeje kunufaika na jengo kubwa kiasi hicho? Jibu limo katika mpangilio wa masomo. Shule nne za umma mjini humo huishia darasa la 10, kisha vijana hukutana katika chuo hiki kimoja kwa darasa la 11 na la 12. Somo ambalo lingevutia wanafunzi wanne katika kila shule hupata darasa zima hapa, na mwalimu wake. Cheti cha jimbo, VCE, humtaka mwanafunzi afuzu angalau vitengo 16, na Kiingereza ndilo somo pekee la lazima. Mengine hujichagulia, yakiwemo ya ufundi yanayohesabiwa katika cheti hicho hicho. Waliokatiza masomo nao wametengewa tawi, NETschool.

Kasoro haikosi. Miaka miwili ni michache mno. Mwalimu humfahamu kijana vyema wakati mtihani umeshabisha hodi.

Kwetu Kenya, kundi la kwanza la Gredi ya 10 liliingia sekondari pevu Januari 2026, na kila mwanafunzi hufuata mkondo mmojawapo kati ya mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Serikali ililenga asilimia 60 wafuate sayansi. Uhuru huo wa kuchagua ni wa karatasi tu iwapo shule ya karibu haina maabara, na shule ya kutwa yenye darasa moja kwa kila gredi haiwezi kumudu maabara, karakana na ukumbi kwa mpigo.

Kutumia kwa pamoja kilichopo kungesaidia, ila sheria imeweka ua katikati. Katiba ya 2010 iliiachia serikali kuu shule za sekondari, ikazikabidhi kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini. Hivyo karakana inaweza kuwa hatua chache kutoka lango la shule, wala mwanafunzi asiikanyage. Ili aikanyage, Wizara ya Elimu na kaunti zingelazimika kwanza kuafikiana ni nani atakayemlipa mkufunzi, nani atanunua mbao na vyuma, na nani atawajibika mtoto akikatwa kidole na msumeno.