Kabla ya kulaumu lugha nyingi, tupime sikio

Hapa Goma mtoto anaweza kusikia Kinande au Kihunde kwa nyanya yake, Kiswahili sokoni, Lingala katika muziki na Kifaransa shuleni. Akifikisha miaka miwili bila kusema, sisi wanafunzi wa lugha huulizwa: je, lugha nyingi zimemchanganya? Wingi wa lugha haumnyimi mtoto usemi. Swali la kwanza liwe: anasikia?

Kulijibu kwa maneno ni vigumu. Mtoto asipogeuka anapoitwa, labda hasikii, labda neno halijui, labda hataki. Wala orodha ya maneno ya Kifaransa haimfai mtoto wa Kinande, lugha ambayo toni hubeba maana.

Kipo kipimo kisichohitaji neno lolote: kipimo cha mwitikio wa shina la ubongo. Mtoto akiwa usingizini, elektrodi ndogo hubandikwa kwenye paji la uso na nyuma ya masikio. Mlio mfupi hurudiwa mara elfu na zaidi, na kompyuta hutafuta wastani wa umeme mdogo unaotoka kwenye neva ya kusikia na shina la ubongo. Mawimbi huonekana ndani ya milisekunde 10 hivi. Wimbi la tano ndilo hutafutwa zaidi, kwa kuwa hubaki hata sauti ikipunguzwa sana.

Mlio huo una njia mbili. Njia ya hewa hupita kwenye tundu la sikio, ngoma yake na vifupa vitatu vya sikio la kati hadi koklea, kiungo chenye umbo la konokono. Njia ya mfupa huanzia kwenye kifaa kidogo kinachotetema nyuma ya sikio. Fuvu huupeleka mtetemo moja kwa moja kwenye koklea.

Tuchukue mfano. Wimbi la tano likihitaji desibeli 50 kwa hewa lakini 20 tu kwa mfupa, koklea ni nzima. Kizuizi kiko njiani, pengine maji nyuma ya ngoma ya sikio, na mara nyingi hutibika. Njia zote mbili zikihitaji 40, tatizo liko kwenye koklea au neva. Kifaa cha mtetemo kina mipaka: hakina nguvu ya kupima uziwi mkubwa.

Muda ni muhimu. Nchini Marekani inapendekezwa mtoto achunguzwe kabla ya mwezi 1, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi 3, naye asaidiwe kabla ya miezi 6, kwa vifaa vya kusikia au lugha ya alama.

Kipimo hiki hakisemi kama mtoto anaelewa lugha. Hiyo ni kazi yetu. Ila mzazi akituuliza, tumwelekeze kwanza kwa daktari wa masikio, wala tusimwambie aache kusema Kinande nyumbani.