Kujua, Kudhani, na Jina la Wazo

Kilima cha Wazo, kilichoko kaskazini ya Dar es Salaam karibu na Tegeta, chajulikana kwa saruji kuliko kwa falsafa. Kiwanda chake kilianza kutoa saruji mwaka 1966, na mawe ya chokaa huchimbwa papo hapo. Lakini jina hilo lafanana na neno wazo, litokalo katika kitenzi waza kama pendo litokavyo katika penda. Mgeni akituambia kwamba kilima kiliitwa hivyo kwa kuwa wazee walikaa juu yake wakiwaza, je, anajua au anadhani?

Kufanana kwa sauti ni dalili dhaifu. Jua la mbinguni na kitenzi jua huandikwa kwa herufi zile zile, wala hatusemi kwa sababu hiyo kwamba asili yao ni moja. Tena wengi husema kuwa Dar es Salaam maana yake ni Bandari ya Salama, nao wameambiwa hivyo na watu wanaowaamini. Hata hivyo dar ya Kiarabu ni nyumba au makao. Bandari ni neno jingine, lenye asili ya Kiajemi. Watu mia waliosikia habari kwa mtu mmoja ni shahidi mmoja tu.

Lugha yetu yenyewe yatenga mambo haya kwa uangalifu. Tukisema, "Alijua kwamba lori limepita, kumbe halikupita," sikio lakataa. Yapasa kusema alidhani. Basi kujua kwachukua ukweli ndani yake, na kudhani hakuchukui. Neno kumbe ndilo mpaka: lililodhaniwa kuwa ujuzi laonekana kuwa dhana. Nalo neno eti (wengine hutamka ati) humwezesha msemaji kupeleka habari bila ya kuidhamini. Katika kamusi maneno haya mawili hupewa mistari michache, nami naona yamestahili zaidi.

Je, yatosha kwamba mtu asadiki jambo, liwe kweli, naye awe na sababu njema? Fasili hiyo ilijadiliwa tangu zama za Plato, na mwaka 1963 Mmarekani Edmund Gettier aliitia shaka kwa makala ya kurasa 3 tu. Natuchukue mfano wa kwetu. Mtu amesimama Tegeta, aona vumbi jeupe juu ya kilima, asadiki kwamba mawe yanachimbwa. Vumbi lile limetimuliwa na lori tupu. Lakini saa ile ile, upande asiouona, wachimbaji wamo kazini. Alilosadiki ni kweli, na sababu anayo, ila sababu yake haikufungamana na ukweli wenyewe. Amepatia, hakujua.

Hatari hiyo humkabili kila akusanyaye maneno. Aweza kuandika maana iliyo sahihi kwa kuisikia kwa mtu aliyebahatisha, na kesho, kwa njia ile ile, akaandika uongo. Kwa jina la Wazo yatakiwa maandishi na ramani za zamani, matamshi ya wenyeji wa siku nyingi, na majina ya mahali pa jirani, kila shahidi akiulizwa peke yake. Hadithi ya mgeni wetu naiandike daftarini, ila itanguliwe na eti.