Umri wa Maneno na Umri wa Karatasi: Kukusanya Miswada ya Washairi wa Karne ya 19

Kukusanya miswada, barua na vitabu adimu vya wasanii wa karne ya 19 ni kazi ambayo wengi huidhania kuwa ya matajiri wa Ulaya wanaoshindana mnadani kununua barua za wachoraji, ilhali Afrika Mashariki nayo ina historia yake ndefu ya kazi hiyo, na sehemu kubwa ya ushairi wa Kiswahili unaofundishwa leo ingekwisha kupotea kama si watu wachache waliozitafuta, wakazinakili na kuzihifadhi karatasi za waliowatangulia. Mswada, kwa maana inayokusudiwa hapa, ni andiko lolote la mkono, liwe utenzi mzima uliofungwa kama kitabu au ubeti mmoja ulioandikwa nyuma ya hesabu za biashara. Thamani ya andiko la namna hiyo haitokani na ukongwe wake peke yake, wala na bei inayotajwa na wanunuzi, bali hutokana zaidi na kujulikana kwa mikono iliyolipitisha: nani alitunga, nani alinakili, kwa ajili ya nani, mahali gani, na kwa njia gani limefika lilipo sasa.

Jambo hilo linamhusu mkazi wa Rukuba, kisiwa cha Ziwa Victoria kilicho upande wa Musoma, kama linavyomhusu mkazi wa Lamu au Mombasa. Ni kweli kwamba sanaa ya maneno ya watu wa mwambao wa ziwa katika karne ya 19 ilikaa vinywani na katika nyimbo kuliko katika karatasi, wakati Waswahili wa pwani walikuwa wamekwisha kuzoea kuandika lugha yao kwa hati za Kiarabu. Lakini historia ya miswada ya pwani inaonyesha kwamba hata huko maneno mengi yalikaa vinywani kwa miongo kadhaa kabla ya kupata mwandishi, na kwamba kilichoyaokoa ni uamuzi wa mtu mmoja au wawili kuchukua kalamu kabla wazee hawajaondoka.

Muyaka na watu waliomkumbuka

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, mshairi na mfanyabiashara wa Mombasa aliyeishi takriban kati ya 1776 na 1840, katika zama ambazo Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa, walikuwa wakiupinga utawala wa Sayyid Said, sultani wa Omani na Zanzibar, ambaye hatimaye aliutia mji huo mkononi mwake mwaka 1837. Mashairi ya Muyaka yaligusa siasa, mapenzi, biashara, ukame wa mfuko na kiburi cha mji wake, na kwa sababu hiyo watu waliyahifadhi kichwani na kuyasema barazani muda mrefu baada ya yeye kufariki.

Mwaka 1880 mmisionari Mwingereza William Edward Taylor alifika Mombasa, akakuta mashairi hayo bado yanasemwa na wazee, na akapata msaada wa Mwalimu Sikujua bin Abdalla al-Batawi, mwanachuoni wa Mombasa aliyefariki mwaka 1890, ambaye aliyakusanya na kuyaandika kwa hati za Kiarabu. Taylor aliongeza maelezo ya maneno magumu na ya matukio yaliyosababisha mashairi hayo kutungwa, karatasi zake zikaishia London, katika maktaba ya chuo kinachojulikana kama SOAS, na mwaka 1940 William Hichens akayachapisha mashairi hayo nchini Afrika Kusini katika kitabu kiitwacho Diwani ya Muyaka. Mwaka 1979 mtaalamu wa lugha Mohamed H. Abdulaziz alitoa uchunguzi mpya wa mashairi hayo, na tangu hapo Muyaka amekuwa na nafasi isiyotikisika katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki.

Historia hiyo ikipimwa kwa miaka, inaonekana kwamba angalau miongo minne ilipita kati ya kifo cha mshairi na kuandikwa kwa mashairi yake, na karne nzima ikapita kabla hayajachapishwa. Katika muda wote huo kazi ilitegemea kumbukumbu za wazee, kalamu ya Mwalimu Sikujua na maelezo ya Taylor, na mtu akiitazama Diwani hiyo bila kulijua jina la Mwalimu Sikujua hukosa nusu ya historia yake. Hakuna karatasi ya mkono wa Muyaka mwenyewe ambayo mashairi hayo yanaitegemea. Kinachosomwa ni sauti yake kama ilivyosikiwa na kuandikwa na wengine.

Namna ya kuusoma umri wa mswada

Hapo ndipo mkusanyaji makini anapojifunza kutenganisha mambo mawili, yaani umri wa maneno na umri wa karatasi. Utendi wa Mwana Kupona ni mfano mzuri, kwa kuwa utenzi wenyewe unautaja mwaka wake, 1275 wa Hijria. Mwaka wa Hijria hufuata mwezi na huwa na siku 354 au 355, hivyo hauwiani moja kwa moja na mwaka mmoja wa kalenda ya kawaida, na mwaka huo wa 1275 ulianza Agosti 1858 na kuishia katikati ya 1859. Mtunzi wake, Mwana Kupona binti Msham, alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu katika kisiwa cha Pate, na alimtungia binti yake Mwana Hashima wasia wa dini, adabu na maisha ya ndoa. Utenzi huo ulinakiliwa mara nyingi majumbani, hata nakala zake zikatofautiana katika idadi ya beti na mpangilio wake, na mwaka 1934 wataalamu Alice Werner na Hichens wakautoa kama kitabu. Kwa hiyo mtu anayeshika mswada wa utenzi huo ana maneno ya 1858 au 1859, lakini karatasi yake huenda ni ya miaka 50 au 70 baadaye.

Njia za kuujua umri wa karatasi ni kadhaa, na zote hutumika pamoja. Ya kwanza ni kusoma tamati, yaani maneno ya mwisho ambayo mnakili, mtu anayeandika upya kazi ya mwingine, aliyaweka baada ya kumaliza, ambapo mara nyingi hutaja jina lake, tarehe na mtu aliyemwagiza, kisha huomba dua. Ya pili ni kuitazama alama ya maji, mchoro uliotiwa ndani ya karatasi kiwandani ambao huonekana karatasi ikishikwa mbele ya mwanga. Katika pwani ya Afrika Mashariki zilitumika sana karatasi zilizotoka Italia zenye alama ya miezi mitatu. Ya tatu ni kuchunguza wino, hati na namna kitabu kilivyoshonwa, kwa kuwa kila mji na kila mwandishi alikuwa na mazoea yake.

Mtu anayeonyesha kwa ukamilifu ugumu na uzuri wa uchunguzi huo ni Muhamadi Kijuma wa Lamu, anayeandikwa pia Kijumwa, aliyezaliwa katikati ya karne ya 19 na kuishi hadi miaka ya 1940. Kijuma alikuwa mshairi, mchonga nakshi za mbao, mwanamuziki na mwandishi wa hati nzuri, na wataalamu wa Ulaya waliomfuata, wakiwemo Werner, Hichens na Mjerumani Ernst Dammann aliyefanya kazi Lamu katika miaka ya 1930, walimtegemea kwa nakala za tenzi, maelezo na mawasiliano ya barua. Nyingi kati ya nakala zilizopo leo London na Hamburg ni za mkono wake, na baadhi amezipamba kwa rangi, ila ziliandikwa katika karne ya 20 kwa ajili ya wageni waliozilipia. Jambo hilo halizishushi hadhi, kwa sababu Kijuma mwenyewe alikuwa msanii aliyekulia katika karne ya 19 na kila nakala yake ni kazi ya sanaa. Linachodai ni kwamba zisitajwe kuwa za kale kuliko zilivyo, na kwamba jina la Kijuma liandikwe kila mahali ambapo mkono wake umefanya kazi. Kitabu kumhusu yeye kilichohaririwa na Gudrun Miehe na Clarissa Vierke mwaka 2010 kimesaidia sana kumrudishia hadhi hiyo.

Zilikokwenda karatasi

Safari ya miswada ya Kiswahili kwenda Ulaya ilianza mapema. Johann Ludwig Krapf, mmisionari aliyefika Mombasa mwaka 1844, alipeleka tenzi za mkono mjini Halle, Ujerumani, mwaka 1854, akizikabidhi kwa chama cha wataalamu wa lugha na tamaduni za Mashariki. Karatasi za Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 na kuchapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886 kwa jina la Emily Ruete, zimo katika mikusanyo ya Leiden, Uholanzi, kwa njia ya mwanawe Rudolph. Toleo la kwanza la kitabu hicho, yaani chapa ya mwanzo kabisa kutoka mtambo wa mchapishaji, ni miongoni mwa vitabu ambavyo wakusanyaji huvitafuta sana.

Upande wa nyumbani, mtaalamu wa Kiswahili J. W. T. Allen aliongoza katika miaka ya 1960 ukusanyaji wa miswada na kanda za sauti kwa ajili ya maktaba ya chuo kikuu cha Dar es Salaam, na orodha yake ilichapishwa Leiden mwaka 1970. Zanzibar nayo ina Nyaraka za Taifa zilizoko Kilimani, ambazo mkusanyo wake wa miswada na vitabu vya Kiarabu uliingizwa na UNESCO mwaka 2003 katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia. Karatasi zilizokwenda mbali zimehifadhika vizuri na nyingi zimeorodheshwa, na haki hiyo lazima isemwe. Hata hivyo wajukuu wa watunzi na wanakili wamelazimika kwa miaka mingi kuomba viza na kupanda ndege ili wasome kazi za mababu zao, na hilo ni deni ambalo nakala za kidijitali zinapaswa kuanza kulilipa.

Familia moja inaweza kufanya kazi ambayo taasisi kubwa haikuifikiria kwa wakati wake. Mchoraji Vincent van Gogh alipofariki mwaka 1890 hakuwa na jina kubwa, lakini shemeji yake Johanna van Gogh-Bonger alizitunza barua alizomwandikia ndugu yake Theo, akazipanga na kuzichapisha mwaka 1914, na leo barua zake zinazojulikana zimepita 800 na ndizo zinazoufahamisha ulimwengu fikra za mchoraji huyo. Johanna alifanya yale ambayo Mwalimu Sikujua aliyafanya Mombasa: alijua kwamba karatasi na maneno aliyoyarithi yana wenyewe, akayawekea mpangilio na majina.

Kazi iliyopo Mara na kandokando ya ziwa

Jirani ya mkoa wa Mara, katika kisiwa cha Ukerewe, kuna kielelezo ambacho watu wa Musoma, Bunda na Butiama hawana haja ya kukitafuta ng'ambo. Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896, alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe riwaya kubwa inayosimulia maisha ya Wakerewe kabla ya ukoloni, yaani maisha ya karne ya 19 kama alivyoyapokea kwa wazee wake. Mswada huo ulikaa miaka mingi bila mchapishaji, mwandishi akautafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na mwaka 1980 Tanzania Publishing House ikautoa kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Mwaka uliofuata Kitereza akafariki. Miaka 35 ya kungoja ingetosha kabisa kwa mchwa, mvua au moto kuimaliza kazi hiyo.

Karatasi zinazofanana na hizo zimo katika nyumba za Rukuba na za nchi kavu: barua za wazee, daftari za nyimbo, vitabu vya ubatizo, tungo zilizoandikwa na walimu wa zamani wa shule za misheni. Karatasi za karne ya 20 zenye maneno ya karne ya 19 ndizo hasa zinazopaswa kutafutwa, na kanuni za kuzitunza si ngumu. Zitunzwe mahali pakavu, mbali na jua, ndani ya bahasha na sanduku la karatasi ngumu. Zisibandikwe gundi wala selotepu, kwa kuwa gundi hiyo hugeuka rangi na kuila karatasi. Zisifunikwe kwa plastiki ya kuchomwa moto, ambayo haibanduki tena. Kila ukurasa upigwe picha, na kwenye karatasi ya pembeni paandikwe jina la aliyeandika, aliyepewa, mahali, mwaka, na jina la mtu aliyetoa maelezo hayo.

Sheria nayo ina nafasi yake. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda Tanzania Bara vitu vilivyotengenezwa au kuandikwa kabla ya mwaka 1863, na kuvipeleka nje kunahitaji kibali, wakati Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya 2002 inasimamia hasa nyaraka za umma. Barua ya familia ya mwaka 1890 au daftari la nyimbo la mwaka 1930, kwa hiyo, kwa kiasi kikubwa hutegemea busara ya mwenye nyumba kuliko mkono wa dola. Anayekuja kununua aulizwe anakoipeleka karatasi, aache nakala kamili, na atie sahihi kwenye maandishi yanayotaja ilikotoka, kwa sababu mswada ukitenganishwa na historia ya mikono yake hubaki bidhaa tu, na hakuna mtaalamu atakayeweza kuurudishia historia hiyo baada ya wanaoijua kufariki. Orodha hiyo ya mikono, inayoandikwa leo na mtoto wa shule akimuuliza bibi yake, ni kazi ya ukusanyaji yenye uzito uleule kama ya maktaba yoyote ya London au Hamburg.